Fulana Kuukuu na Mkasi



Juma hili napenda tutafakari pamoja juu ya kitu ambacho karibu hakuna anayekihesabu kuwa kitu: fulana iliyochakaa. Sizungumzii fulana ambayo bado inavaliwa shambani, yenye tundu moja begani na rangi iliyopauka kwa jua. Hiyo ingali na hadhi yake. Nazungumzia ile iliyokwisha kuvuka hata hatua hiyo, ambayo mwenye nyumba akiulizwa iko wapi hujibu, “Ipo ipo tu.” Na kweli ipo. Imezibwa mdomoni mwa dumu la maji badala ya kifuniko, au imeviringishwa kuwa kata ya kubebea ndoo kichwani, au inapigiwa deki, au imo ndani ya mpira wa watoto, imekazwa kwa kamba ya katani, ikipigwa teke jioni nzima katika vumbi. Vijijini kwetu fulana haifi ghafla. Inakufa polepole, kwa daraja, na kila daraja lina kazi yake.

Hapa Chanzuru, tangu masika yaliyopita, daraja jipya limeongezwa. Kina mama wapatao 12 hukutana alasiri ya Alhamisi chini ya mwembe, kila mmoja na mkasi wake, wakizikata fulana hizo kuwa uzi. Uzi huo wanausuka ukili, na ukili wanaushona kuwa mikeka, mazulia madogo ya mlangoni, vikapu na mito ya kukalia. Mmoja wao alijifunza kazi hiyo kwa binti yake anayeishi Morogoro mjini, akaja akawafundisha wenzake. Hakuna mradi uliowaleta, hakuna semina, wala posho. Nayasema haya mapema kwa sababu wageni kutoka mjini wakiwaona huuliza kwanza, “Mfadhili wenu ni nani?” Kina mama hucheka.

Nimekaa nao mara nyingi, wakati mwingine kwa sababu ya uchovu tu, maana chini ya ule mwembe pana upepo mzuri. Nimejifunza mambo ambayo sikufundishwa seminarini.

Jambo la kwanza ni kwamba si kila nguo inakubali kazi hii. Kanga, kitenge na shati la kola ni vitambaa vilivyofumwa kwa nyuzi zinazokatana, mtande na mshindio. Ukivichana utepe mwembamba, kingo zinafumuka na nyuzi zinachomoka moja moja mpaka hubaki na kitu. Fulana haikufumwa hivyo. Fulana imeungwa kwa vitanzi, kila kitanzi kimeshika kingine, kama sweta, isipokuwa vitanzi vyake ni vidogo mno hata jicho halivioni kirahisi. Ukikata utepe wa fulana kwa kuzunguka kiwiliwili, kisha ukauvuta kwa mikono miwili, kingo zake zinajikunja zenyewe kwa ndani, na ule utepe bapa unageuka kuwa kamba ya mviringo, laini, isiyofumuka. Mara ya kwanza nilipoona hivyo niliomba kurudia mwenyewe. Utepe uko bapa mkononi, unauvuta mara moja, umekuwa uzi. Mtoto akiona hili hacheki tena mpira wa matambara.

Hata miongoni mwa fulana kuna uteuzi. Kina mama wanaipokea kila moja kwa vidole kabla ya macho. Ya pamba tupu inapokelewa kwa furaha. Yenye nailoni nyingi inateleza, inang'aa, haijikunji, na ikisukwa haishiki; hiyo wanaitenga kwa ajili ya kujazia mito. Fulana bora kuliko zote ni ile isiyo na mshono ubavuni, iliyotoka kiwandani ikiwa mrija mmoja. Walioketi kanisani siku ya Ijumaa Kuu wanaikumbuka habari ya wale askari wanne waliogawana mavazi, wakafika kwenye kanzu isiyo na mshono wakaona wasiipasue, wakaipigia kura. Chini ya mwembe hesabu ni kinyume chake: isiyo na mshono ndiyo ya kwanza kuwekwa mkasi, kwa sababu hiyo inatoa uzi usio na fundo wala uvimbe wa mshono.

Wanavyofanya ni hivi. Fulana inalazwa juu ya meza au ubao, inanyooshwa vizuri. Pindo la chini linaondolewa. Kisha mkasi unapita moja kwa moja kutoka kwapa hadi kwapa, na sehemu ya juu, yaani mabega, mikono na shingo, inawekwa kando. Kinachobaki ni mrija. Mrija huo unakunjwa kwa upana, upande mmoja uukaribie mwenzake lakini usiufikie, ubaki nyuma kwa upana wa vidole viwili. Sasa zinakatwa tepe, za upana wa sentimita mbili na nusu hivi, kuanzia upande wa mkunjo kuelekea ule uliozidi, lakini bila kuumaliza. Ukifungua unaona kitu kama mbavu zilizoshikwa na uti wa mgongo. Hapo ndipo penye siri. Uti wa mgongo unakatwa kwa mshazari, kutoka mwanya wa kwanza upande huu hadi wa pili upande ule, kutoka wa pili hadi wa tatu, hivyo hivyo mpaka mwisho, na fulana nzima inatoka ikiwa uzi mmoja usiokatika. Anayekata kwa kunyoosha badala ya mshazari anapata pete nyingi zisizo na kazi, na wenzake hawatamsahaulisha siku hiyo.

Nilifanya hesabu, kwa kuwa mwalimu wangu wa hesabu angeona haya nisipoifanya. Fulana yenye upana wa sentimita 50 ikilazwa ina mzingo wa mita moja. Kutoka pindo hadi kwapa pana kama sentimita 40. Gawa kwa mbili na nusu, unapata mizunguko 16, yaani mita 16 za uzi kabla hujauvuta. Ukiuvuta unaongezeka tena. Mita 16 kutoka katika kitu kilichokuwa kimezibia dumu!

Kwa mikeka hawahitaji sindano ila mwishoni. Wanasuka kwa vidole, tatu tatu, kama wanavyosuka nywele na kama bibi zao walivyosuka ukindu, kisha wanazungusha na kushona ukili kwa ukili. Kwa vikapu wanafuma kwa ndoano. Ndoano ya spoku ya baiskeli, ile wanayofumia vitambaa vya makochi, ilikuwa nyembamba mno kwa uzi huu. Fundi seremala mmoja akawachongea za mti, nene kama kidole gumba. Analipwa kwa mayai.

Kuna jambo linalonichekesha kila mara. Fulana zetu zimeandikwa. Zipo za kampeni za uchaguzi, za chanjo, za Mwenge wa Uhuru, za jubilei ya padre fulani, za shule, na zile za mitumba zinazotangaza mbio za marathoni katika miji ya Marekani ambayo mvaaji wake hataiona. Mzee mmoja wa hapa, mwenye wajukuu wengi na heshima kubwa, kwa miaka mingi alivaa fulana iliyosema kwa Kiingereza kwamba yeye ndiye bibi bora kuliko wote duniani. Hakuna aliyethubutu kumtafsiria. Ikikatwa, maandishi hayo yanavunjika: kwenye mkeka unaona nusu ya herufi, jicho la mgombea, tarakimu za mwaka. Rangi ya maandishi ni nzito na haikubali kujikunja, kwa hiyo hubaki bapa na kuonekana wazi zaidi. Nilikaa kwenye mto mmoja nikaona chini yangu kipande cha neno “kura”.

Nikiwaangalia wakikata, huwa najiuliza pamba hii imetoka wapi. Swali si la bure katika wilaya yetu. Kilosa ni nchi ya pamba ya zamani. Kuanzia mwaka 1907 familia ya Otto, wenye viwanda vya kusokota nyuzi huko Württemberg, Ujerumani, ilikuwa na shamba kubwa la pamba Kilosa, ili viwanda vyake visitegemee pamba ya Marekani. Ilikuwa miaka miwili tu tangu Wamatumbi, kule kusini, wang'oe miche ya pamba ya serikali mwezi Julai 1905 na Vita vya Maji Maji kuanza. Reli ya kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, ilipita katikati ya nchi hii ikisafirisha mazao kwenda pwani. Waingereza nao walipokuja waliifanya Ilonga, jirani zetu, kuwa kituo cha utafiti wa pamba kwa kanda ya mashariki. Leo watu wanakijua kituo hicho zaidi kwa mbegu za mahindi na mtama, lakini pamba ilitangulia. Babu wa baadhi ya kina mama hawa waliivuna pamba, wakaifunga robota, wakaiona ikipanda treni. Haikurudi kwao kama nguo. Ilirudi, miaka mingi baadaye, kutoka mahali pengine, ikiwa imekwisha kuvaliwa na mtu mwingine.

Baada ya Uhuru tulijaribu kuivunja njia hiyo. Kiwanda cha Urafiki, pale Ubungo, kilifunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China, na vingine vikafuata. Waliokuwa watu wazima baada ya Vita vya Kagera wanakumbuka pia jinsi ambavyo doti ya kanga ilikuwa jambo la kupanga foleni. Biashara ilipolegezwa katikati ya miaka ya 1980, mitumba ikaingia kwa wingi, na watu waliokuwa wameshona kiraka juu ya kiraka wakavaa. Mimi siwezi kuidharau furaha hiyo. Wazee waliziita nguo hizo “kafa Ulaya”, wakiamini kwamba hakuna mtu mwenye akili timamu angeacha shati zima namna ile kama hakufa. Waliwafikiria wenzao wa Ulaya vizuri kuliko walivyostahili.

Mwezi Machi 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuipunguza mitumba mpaka iishe katika miaka mitatu, ili viwanda vya nyumbani vipumue. Mwaka uliofuata wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao, na serikali hiyo ikatishia kuziondoa nchi zetu katika mpango wa AGOA uliokuwa ukiziruhusu bidhaa za Afrika kuingia kwake bila ushuru. Rwanda pekee ilishikilia, na mwaka 2018 nguo zake zikapoteza nafasi hiyo. Sisi na wengine tulirudi nyuma. Sina utaalamu wa uchumi na sitajifanya ninao. Naona tu ni jambo la kutafakarisha kwamba nchi inayolima pamba iliambiwa haiwezi kukataa fulana zilizochakaa za watu wengine.

Kwa hiyo sikubaliani na wale wanaowasifu kina mama hawa kana kwamba wamezaliwa ili kuyasafisha mazingira ya dunia. Belo la mitumba likifunguliwa mnadani, za kwanza zinanunuliwa kwa kugombaniwa, za pili kwa kupatana bei, na za mwisho, zenye madoa na matundu, hazinunuliwi na mtu. Ni taka zilizosafirishwa baharini na kulipiwa na mfanyabiashara mdogo ambaye hakuweza kuona ndani ya belo kabla ya kulipa. Kina mama wanazichukua hizo za mwisho kwa bei ya kutupa. Wanafanya hivyo kwa sababu wanahitaji fedha ya daftari na ya chumvi. Mkeka mmoja mzuri wanauuza kwa bei ya kuku wa kienyeji, na tangu treni ya umeme ianze safari hadi Dodoma mwaka 2024 na kusimama Kilosa, wapo wanaopeleka vikapu kule karibu na stesheni. Kuku anaweza kufa kwa mdondo. Mkeka haufi kwa mdondo. Hayo ndiyo maelezo yao wenyewe, na yanatosha.

Sasa niseme lililonifanya niandike. Wahusika wameniruhusu, mradi nisiwataje.

Katika mwezi wa pili alikuja chini ya mwembe mama mmoja mjane, mwenye watoto wanne, ambaye mumewe alikuwa mkata katani katika mashamba ya upande wa Kimamba. Tanga lilikuwa limeanuliwa siku chache tu kabla. Alibeba fulana saba ndani ya kitenge.

Kwa wasomaji walio mbali lazima nieleze. Wasagara, Wakaguru, Wavidunda na Waluguru, ambao ndio wengi katika sehemu zetu, hufuata ukoo wa kukeni. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Mwanamume akifa, wenye marehemu ni wajomba zake, dada zake na wapwa zake, na siku ya kuanua tanga vitu vyake hugawanywa kwao. Siyo ukatili, ni namna ya ukoo kusema kwamba ndugu yao hakupotea, yumo mikononi mwao. Suti ya harusi ilikwenda kwa mpwa. Mashati, suruali, koti la mvua, redio na baiskeli vilipata wenyewe. Panga la kukatia katani alipewa mdogo wake. Wale wanaofuata kuumeni wasidhani kwamba kwao mjane ana nafuu: sheria za mila zilizotangazwa mwaka 1963 kwa ajili ya makabila hayo zinasema kwamba mjane hana fungu katika urithi ikiwa marehemu ana ndugu, na mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia haki za wanawake iliiambia Tanzania, kwa shauri la wajane wawili, kwamba jambo hilo halikubaliki. Njia ni mbili, na mjane anaachwa mlangoni katika zote mbili.

Fulana saba zilibaki kwa sababu hakuna aliyezitaka. Utomvu wa katani ulikuwa umezitia madoa ya rangi ya chai, makwapa yalikuwa yamegeuka manjano, na moja ilikuwa na tundu mgongoni la ukubwa wa kiganja. Zilikuwa pembeni, sakafuni. Mama akazikusanya, akazifua kwa mara ya mwisho, akazileta.

Siku ile alikata nne. Wenzake wananiambia kwamba hakulia na hakuzungumza, ila kabla ya kila moja alipitisha mkono ndani yake, kama mtu anayetafuta kitu kilichosahauliwa mfukoni, ingawa fulana haina mfuko. Jumatano iliyofuata, jioni, wazee watatu wa ukoo wakaja nyumbani kwangu. Mkubwa wao alikuwa mjomba wa marehemu. Niliwakaribisha chai. Hawakuinywa.

“Baba Paroko,” akasema yule mjomba, “nguo za marehemu hazipigwi mkasi.”

Nikamwomba anieleze zaidi. Alinieleza kwa utulivu, na sikuona upuuzi katika maneno yake. Nguo, alisema, inabaki na mtu wake. Ndiyo maana wanampa ndugu, ili ivaliwe na damu ile ile, na mtu akipita njiani na lile koti watu waseme, yule pale. Ukiikata umekata kumbukumbu. Na kuna jingine, alisema akiinamisha macho: kina mama wale wanauza mikeka. “Kipande cha mtoto wetu kitakwenda kulaliwa na mtu tusiyemjua, mahali tusipopajua. Wewe ungekubali, Baba?”

Nilifikiri juu ya mama yangu mzazi na kitenge chake kilichomo sandukuni mwangu mpaka leo, na sikumjibu haraka.

Tulikubaliana kwamba mkwe wao asikie mwenyewe. Jumamosi tulikutana uani kwake, wazee juu ya viti, mama juu ya mkeka wa ukindu pamoja na dada yake mkubwa. Mjomba akarudia maneno yake. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kichwa chini, kama inavyotakiwa. Kisha akasema, “Mjomba, siuzi. Nasuka mkeka wa kulalia watoto. Hizi mliziacha chini. Nimezifua miaka 19, naijua kila tundu na siku lilipoingia. Mkitaka kuzichukua, zipo. Lakini mlikwisha kugawa, na hizi hamkuzigawa.”

Palikuwa na kimya kirefu. Kusema kweli niliogopa. Maneno yale yalikuwa ya haki na yalikuwa makali, na kwetu haki ikisemwa kwa ukali na mkwe inaweza kugeuka kuwa kosa. Nilikuwa nimetayarisha hotuba fupi juu ya upendo na maelewano. Namshukuru Mungu sikupata nafasi ya kuitoa, kwa sababu yule mzee aliuliza swali la kifundi.

“Mnakata kuanzia wapi?”

Mama akainuka, akaingia ndani, akatoka na moja ya zile tatu ambazo hazijakatwa. Akailaza juu ya mkeka mbele ya wazee, akainyoosha kwa viganja, akaonyesha kwa kidole: kutoka kwapa hadi kwapa. Chini ya hapo ni uzi. Juu ya hapo hapafai, kwa sababu ya mikono na mshono wa shingo.

“Na hayo ya juu mnayapeleka wapi?”

“Ya wengine tunajazia mito. Ya kwake ninayo.”

Akaenda tena ndani akaleta yale manne aliyokwisha kuyatenga. Mabega manne, yamekunjwa vizuri, shingo juu ya shingo. Mzee akayapokea kwa mikono miwili. Akayageuza. Bega la kulia katika kila fulana lilikuwa limechakaa kuliko la kushoto, maana mkata katani hubeba mzigo wa majani bega lile lile kila siku, mwaka baada ya mwaka, na hapo kitambaa kilikuwa chembamba hata unaona nuru. Akawaonyesha wenzake. Hawakusema neno.

“Haya tupeni sisi,” akasema mwishowe. “Hayo ya chini ni yako. Usiuze.”

“Siuzi, Mjomba.”

“Na hizo tatu?”

“Nitakata. Nitawaletea ya juu.”

Ndipo wakaomba chai.

Wapo mapadre wenzangu walioniambia kwamba nilipaswa kuitumia nafasi ile kuwafundisha wazee juu ya haki za mjane, kuhusu ile suti na ile baiskeli. Baiskeli hasa. Mama huyo anatembea na mahindi kichwani kwenda mashine ya kusaga wakati baiskeli ya mumewe inaegemezwa ukutani mwa nyumba nyingine. Wana haki kusema hivyo, na jambo hilo limo katika mazungumzo yangu na ukoo ule, halijaisha. Nakaa nalo. Lakini siku ile kilichokuwa mezani kilikuwa fulana, na watu wawili wenye huzuni moja waligundua kwamba mkasi ulikuwa umekwisha kuigawa fulana vizuri kuliko ambavyo baraza lingeigawa.

Fulana saba kwa mita 16 ni mita 112. Inaonekana nyingi ukiisema. Ukiusuka uzi huo tatu tatu, na kwa kuwa kusuka kunakula urefu, unabaki na ukili wa mita 30 hivi, na ukishaushona mstari kwa mstari unapata mkeka wa kulala mtoto mmoja akikunja magoti. Mama alipoumaliza akaona haufiki. Wenzake wakampa uzi wao. Kwanza alikataa; hakutaka nguo ya mtu mwingine iingie humo. Baada ya juma mbili akakubali pindo tu, pande zote nne, na pindo hilo limetoka katika fulana ya kampeni ambayo sitasema ni ya chama gani, ingawa rangi yake inajieleza. Katikati ni madoa ya chai ya katani, pembeni ni uchaguzi.

Mtoto wake wa mwisho, wa darasa la tatu, ndiye anayeulalia. Wakubwa watatu wako bado juu ya ule wa ukindu. Alhamisi iliyopita nilimkuta mama huyo chini ya mwembe akipekua rundo la fulana za mnadani kwa vidole, akizitupa za nailoni upande mmoja, akaniambia bila kuinua macho kwamba anatafuta nyingine nane, za pamba, zisizo na mshono ubavuni.